Mtu wa Nne

Nimelelewa katika nyumba ya wauza vitenge. Wazee wetu walitoka Maniema wakifuata biashara, wakabaki Kamina, na baba alitufundisha kupima kitambaa kwa fimbo ya mbao bila kukivuta. Anayevuta kitambaa, alisema, anaiba mchana kweupe. Kwa hiyo nilipopata kazi ya kuuliza maswali katika utafiti kuhusu vijana wanaokamatwa kwa bangi, niliingia na kiburi cha kwetu: mimi sivuti. Kilichopo nitaandika, kisichopo sitaandika.

Utafiti wenyewe ulikuwa na nia njema. Waliotutuma walitaka kujua vijana hao wanaishi wapi na nani, ili wakubwa wa mkoa waache kuamua mambo kwa kubahatisha. Tulipewa fomu, kalamu na vizibao vya rangi ya machungwa, tukapelekwa mitaa iliyo kando ya reli, walikokamatwa wengi wao.

Katika nyumba moja nilimkuta mjane wa askari. Mumewe alipofariki walitoka kwenye nyumba za Base, kambi ya jeshi, akapanga vyumba viwili vya matofali mabichi, akaishi na mkwewe, mke wa mwanawe, na mjukuu mdogo. Nilimuuliza, kama fomu ilivyotaka, watu wangapi walikula pale jana jioni.

"Bane," alisema.

Nilitazama huku na huku nikiwatafuta hao wanne. "Mama, minyi naona weye, mukwe yako na mutoto. Ni batatu."

"Wa ine iko ku buloko. Chakula yake tunatosha mbele ya yetu."

Mwanawe alikuwa gerezani tangu kabla ya mvua, kwa misokoto miwili ya bangi, akingoja kesi. Mama alinionyesha bakuli alilomtolea kwanza kabla wao hawajala, limefungwa kwa kitambaa: bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, tayari kwa safari ya asubuhi. Lakini mwongozo wetu ulisema asiyelala nyumbani hahesabiwi. Nilifuta nne, nikaandika tatu. Hakubishana.

"Andika vile unapenda, papa," alisema, nami nikaona nimeshinda.

Nilifanya hivyo nyumba baada ya nyumba. Karibu kila mahali palikuwa na huyo mtu wa ziada, na kila mahali nilimtoa. Wenzangu wakilalamika kwamba wamama wanawachanganya, nilijisifu kwamba mimi sichanganywi.

Miezi michache baadaye ripoti ilitoka. Ilisema wengi wa vijana hao, kwa kuwa hawakuonekana katika hesabu ya nyumba yoyote, hawana makao wala jamaa wa kuwaangalia, kwa hiyo si busara kuwaachia wangojee kesi wakiwa nje. Nilifurahi kuona kazi yangu kwenye karatasi nzuri namna ile. Mkuu wa mtaa wa yule mjane naye alikuwa amenakili orodha zetu, maana daftari lake lililowa mvua. Orodha zile hazikupaswa kutoka mikononi mwetu, lakini nani angemkatalia mkuu wa mtaa?

Asubuhi moja nilipita kwa baiskeli mbele ya gereza. Wanawake walikuwa wamesimama kwenye foleni na mabakuli yao, kama kila siku. Kamina nzima inajua kwamba mfungwa hula cha kwao. Nimepita pale maisha yangu yote, ila siku hiyo nilizitambua sura: huyu nilimhoji, na huyu, na yule pia. Hao ndio jamaa ambao ripoti ilisema hawapo. Nilishuka kwenye baiskeli, na nasema wazi, niliona haya.

Yule mjane alikuwa kwenye foleni. Alinieleza kwamba mwanawe aliomba kuachiliwa angojee kesi nyumbani, lakini hakimu alitaka uthibitisho wa makazi, na karatasi ya mkuu wa mtaa ilisema katika nyumba ile hakuna mtu kama huyo.

"Weye njo ulimutosha mu nyumba," alisema, bila kupandisha sauti.

Ni kweli, ni mimi niliyemtoa. Nilikwenda kwa shefu wa utafiti, mkubwa wetu. Kwanza alinijibu kwamba mwongozo ni mwongozo, na maji yakimwagika hayazoleki. Nilimwomba kitu kimoja tu, aje aione foleni. Alikuja kesho yake, akasimama muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Aliporudi ofisini aliongeza swali jipya kwenye fomu: mnampelekea nani chakula? Akaturudisha mitaani kuanza upya, nami nikaanzia kwa mjane.

Niliuliza, akajibu, nikaandika nne. Akaniomba nimsomee. Nilimsomea, jina la mwanawe na yote.

"Sawa. Sasa nani ataenda kusema ku juji?"

"Ni minyi, mama."

"Basi tuende. Leo." Alikuwa ameshachukua kitenge chake cha kujitanda.

Hakimu alitusikiliza kwa subira. Aliniuliza ninajuaje kwamba kijana yule ana kwao, ilhali karatasi iliyo mbele yake inasema hana.

"Mheshimiwa," nilisema, "niliyeandika kwamba hana ni mimi."

Kijana aliachiliwa siku chache baadaye. Mama yake tukikutana sokoni huniita mwana wake na kuniuliza habari za nyumbani. Kijana mwenyewe hunipita bila salamu, na mpaka leo sijapata ujasiri wa kumsimamisha.