Ulimwengu unatanuka, Kirando iko palepale

Jumamosi, kwenye mashine ya kusaga hapa Sumbawanga, mwalimu mmoja wa sayansi alikuwa akitueleza kwamba ulimwengu unatanuka, makundi ya nyota yanazidi kuachana. Mama aliyekuwa akisubiri kusagiwa ulezi akamkatiza.

"Mwalimu, na muda nao unatanuka?"

"Hapana, mama. Nafasi ndiyo inayotanuka. Saa inakwenda mwendo wake uleule."

"Na Kirando imesogea?"

"Aa, Kirando iko palepale."

"Basi baba watoto hana la kusema. Alikwenda huko Kirando, ziwani, kwenye dagaa, akaahidi kurudi tukianza kuvuna ulezi. Huu hapa, nausaga."

Tulicheka. Mungu anisamehe, mimi nilicheka kuliko wote, mpaka nilipomwona akijifuta macho kwa pindo la kitenge.

Wewe baba watoto wake, kama gazeti hili limekufikia huko ziwani, tafadhali rudi nyumbani.