Taa Asiye na Mkia

Miaka thelathini Mbok Wagiyem alibanika samaki aina ya taa pale Rembang, pwani ya Java, na mimi nilikuwa mchochea moto wake. Mkaidi yule Mbok, yaani mama, lakini nilimpenda.

Marehemu mumewe alimwachia ndege tunduni, kwezi wa Java anayeiga kila anachosikia. Mashambani kwezi hawapo tena, wamebaki kwenye vibaraza vya watu. Marehemu alimficha chumbani asije akaokota sauti mbaya. Mjane akamtundika uani, na ndege akaokota sauti ya panga letu la kukatia samaki. Ko, ko, ko, wakati panga lenyewe limelala mezani. Nilikuwa nikimwogopa.

Siku moja akaja Retno, binti wa chuo, na picha mbili. Kwezi na taa mdogo wa mviringo. Akasema wote wana uti wa mgongo, na undugu wao unaishia hapo. Kwezi ni ndege, yuko hatarini kabisa kutoweka. Taa huyu ni samaki wa gegedu, jamaa ya papa, hajaonekana tangu enzi za mababu. Ameandikwa ametoweka. Alama yake ni mkia mfupi wenye pezi kama jani dogo nchani.

Mbok aliitazama picha ya taa mpaka moto ukafifia.

"Hawa nimewabanika," akasema.

"Mkia uliuona, Mbok?"

"Mkia gani, mwanangu? Mikia wavuvi wanaikata hukohuko baharini, wanaogopa mwiba. Mimi naletewa visahani, miili mitupu."

Retno alimsihi akipata wa mviringo amweke kwenye barafu, ampigie simu. Hata bila mkia, nyama tu ingetosha kumtambua kwa vipimo vya chuo.

Tangu hapo Mbok hakulala vizuri. Kila kikapu alikipekua, na ndege juu yake akikata, akikata.

Wiki ya tatu akaja mmoja, mdogo, mviringo, hana mkia. Nilikimbilia barafu. Niliporudi Mbok alikuwa ameshamkata vipande, anavitunga kwenye vijiti.

"Mbok, unafanya nini?"

"Wakisema ndiye, basi na wale wote niliowabanika walikuwa ndio. Sitaki kuambiwa."

Nilimkasirikia, na mpaka leo sijapoa. Lakini nilichochea moto. Jioni tuliuza karibu vyote, kikabaki kipande kimoja, nikakila kwa wali. Kilikuwa na ladha ya taa, kama siku zote.