Nchi Iliyokufa Ikabaki kwenye Silabasi

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa koti la shemeji yangu, na mikono yake ilikuwa mirefu hata chaki ikawa inapotelea ndani. Shule ilikuwa upande wa Chebunyo, madarasa manne na uwanja ambao mbuzi wa jirani waliuona kama wao. Mwalimu Mkuu, mzee mpole aliyevaa gambuti hata wakati wa kiangazi, alinikabidhi boksi la chaki, kifutio na daftari kubwa jeusi.

"Hii ni skimu ya kazi," akasema. "Inakwambia wiki gani unafundisha nini. Wiki hii ni Vita Baridi. Unaijua?"

Nikasema naijua. Niliijua nusu tu, lakini nani anakubali hajui siku ya kwanza?

Ninyi walimu wa sasa mna projekta na picha za kwenye simu, na siwaonei wivu sana. Sisi tulikuwa na karatasi. Kutoka kwa skimu ulitoa andalio la somo, yaani mpango wa kipindi kimoja, dakika kwa dakika. Baada ya kipindi ulijaza rekodi ya kazi kuonyesha umefika wapi. Mkaguzi akija kutoka wilayani, alitaka hivyo vitatu kabla ya kuketi, na kama havikupatana, chai yake ilipoa akikuuliza maswali.

Baada ya miaka michache nilihamishwa hadi shule moja karibu na Kaplong, kwenye majani chai na mvua ya kila alasiri. Huko ndiko niliipenda kazi hii kwelikweli. Siku hizo majani makavu yalisafirishwa kwa masanduku ya mbao nyembamba. Nikaomba sanduku moja bovu kiwandani, nikalibomoa na kuchora juu ya mbao zake ramani ya dunia. Urusi na rafiki zake niliwapaka rangi nyekundu, Marekani na wake buluu. Sisi wengine, tuliosema hatufungamani na upande wowote, tulibaki na rangi ya mbao.

Nilifunga kamba ya katani katikati ya darasa. Wanafunzi wa kulia wakawa Marekani, wa kushoto Urusi, na safu ya mlangoni nchi zisizofungamana. Kila upande uliwabembeleza wa mlangoni, huyu akiwaazima rula, yule akiwasaidia kufyeka nyasi zamu yao ikifika. Somo lilikuwa la Kiingereza, lakini ubishi wote ulikuwa Kiswahili, kwa sababu tulikuwa na Wakipsigis, Wajaluo na watoto wa wafanyabiashara Wakikuyu wa pale mjini.

"Hakuna kugusana," nilikuwa nikiwaambia. "Hii vita, ngumi inakaa mfukoni."

Mpaka leo nakutana na watu wazima wenye vipara wanaoniambia walikuwa Urusi. Nawapenda sana watu hao.

Sasa nifike kwa jambo ambalo sijawahi kulisimulia vizuri.

Mwaka mmoja, tukiwa likizo ya Desemba, redio ikatangaza kwamba Umoja wa Kisovieti umevunjika. Nilisikia nikiwa nakamua ng'ombe, nikaacha kukamua. Nilikuwa nimeifundisha nchi hiyo muda mrefu hata nikaona kama nimefiwa na jirani. Shule zilipofunguliwa nilikwenda kwa Prinsipo, mkuu wa shule ile, mtu mnyoofu aliyepanga kalamu zake mezani kabla ya kuitika salamu.

"Bwana Prinsipo, ile nchi imekufa. Tutafundisha aje?"

"Iko kwa silabasi?"

"Iko."

"Basi haijakufa."

Nilicheka, naye hakucheka. Tukaendelea hivyo hivyo. Isitoshe, mwaka huo Prinsipo alikuwa anaandika jina la atakayependekezwa kuwa naibu wake, na nilikuwa nimedokezewa kwamba jina ni langu. Sikutaka kuonekana mbishi.

Mwezi wa saba ukafika na mtihani wa moko, ule wa kuwapima watahiniwa kabla ya mtihani wa taifa. Mitihani tuliichapa kwa stensili, karatasi yenye nta iliyotobolewa na herufi za taipureta, kisha ikafungwa kwenye mashine ya kuzungusha kwa mkono. Stensili ikitunzwa iliweza kutumika tena. Nami, kwa uvivu, nikaipangusa ya mwaka uliotangulia na kuizungusha. Swali la mwisho, lenye alama nyingi kuliko yote, lilisema: eleza jinsi Marekani na Umoja wa Kisovieti zinavyoshindana duniani leo.

Darasa zima likaandika niliyowafundisha, isipokuwa Akinyi. Mama yake alikuwa mchumaji kwenye shamba la chai, baba yake fundi wa kiwandani aliyekuwa na redio. Akinyi aliandika nusu ukurasa: leo hazishindani, kwa sababu moja haipo tena. Zamani zilishindana kwa silaha, kwa safari za mwezini na kwa kuzisaidia nchi ndogo zipigane. Nikaangalia mwongozo wangu wa kusahihisha. Haukuwa na jibu hilo. Nikampa sufuri kwa wino mwekundu, na sufuri hiyo ikamwangusha katika historia.

Kanuni ya Prinsipo ilikuwa kali: aliyeanguka somo lolote katika moko haandikishwi kwa mtihani wa taifa, anarudia mwaka. Na kila mtu alijua kwamba msichana wa shambani akiambiwa arudie, harudi.

Listi ya walioanguka ilipobandikwa, Akinyi alikuja ofisini na karatasi yake.

"Mwalimu, hapa nimekosea wapi?"

"Hukufuata mwongozo."

"Lakini nimeandika uongo?"

"La. Ni kweli."

Akangoja niseme lingine. Nikavuta rundo la madaftari, nikaanza kusahihisha. Akaikunja karatasi, akaiweka mezani kwangu, akaenda. Kesho yake kiti chake kilikuwa wazi.

Nikakaa siku nane. Kila asubuhi nilijiambia nitamwona Prinsipo mchana, na kila mchana nikakumbuka ile nafasi ya naibu. Niliona aibu, na bado nilikaa. Siku ya tisa nikaingia ofisini kwake, nikamwambia swali lilikuwa bovu, nililijua bovu, na mtoto alijibu sawa.

Alipanga kalamu zake. "Unataka nibandue listi? Basi andika barua useme kosa ni lako. Inaingia kwa faili yako. Na ile mambo ya naibu, sahau."

Niliandika hapo hapo, nikiwa nimesimama.

Nilimkuta Akinyi shambani na mama yake, kikapu mgongoni, wakichuma majani mawili na chipukizi. Wachumaji wengine wakasogea kusikiliza. Nikamwambia mama yake mbele yao wote kwamba mtoto wake hakuanguka, mimi ndiye nilikosea, na nimekuja kumrudisha shule.

Mama akatua kikapu chake. "Mwalimu, umekawia," akasema. "Mtoto amelia mpaka akaacha."

"Nimekawia, mama. Nisamehe."

Akinyi hakusimamisha mikono. "Sitaki alama za huruma," akasema. "Soma tena ile niliandika. Ukiona ni mbaya, nitabaki hapa."

Nilikuwa na karatasi yake mfukoni. Nikaketi kwenye kibanda cha mizani, wanapopimia majani, nikaisahihisha upya magotini, naye amesimama mbele yangu. Nikampa alama za kutosha kupita na zaidi, lakini si zote.

"Mbona si zote?"

"Swali lilisema eleza. Hapa kwa silaha umetaja tu."

Akaisoma. Kisha akatabasamu, mara ya kwanza tangu nifike. "Hiyo nakubali," akasema, na akaanza kufungua kamba za kikapu.

Alifanya mtihani na wenzake akapita, na baadaye akawa karani katika kiwanda cha chai upande wa Kericho. Unaibu akapewa mwalimu wa hesabu, mtu mzuri tu. Mimi nilihamishiwa Longisa, nikafundisha huko mpaka nikastaafu nikiwa mwalimu wa darasani, na walimu wenzangu wakanipa blanketi na saa ya ukutani. Natamani bado mengi ya kazi ile: harufu ya wino wa mashine, mvua kwenye mabati katikati ya kipindi, makelele ya Urusi na Marekani wangu.

Walimu vijana huja kuniuliza kama ile barua iliniharibia kazi. Ndiyo, iliniharibia. Ningeiandika tena, ila sasa ningeiandika siku ile ile Akinyi aliposimama mbele ya meza yangu akisubiri niseme neno.