Inchi Nane za Kitandiko cha Dada

Kitandiko cha harusi cha dada yangu kilipungua upana kwa inchi nane kabla hakijaguswa na maji, na aliyepiga hesabu nilikuwa mimi.

Vitambaa vilikuwa vimeadimika madukani Musoma, kwa hiyo mama na shangazi walikusanya mabaki kwa mafundi cherehani wa Nyasho ili tuunge. Tulitaka upana wa inchi sitini na nne. Nikagawa kwa nane, nikakata vipande vya inchi nane kwa nane, vinane kwa upana na kumi na kimoja kwa urefu. Nilisahau kwamba mshono nao unakula nusu inchi kila upande. Kila kipande kikabaki inchi saba.

Tulipotandika, urefu ulitosha, lakini ubavu wa godoro ulichungulia.

"Mama mkwe kule Butiama atasema tumemletea kitambaa cha meza!" shangazi alisema, akacheka hadi akakaa sakafuni. Dada alianza kulia, akaishia kucheka naye.

Nikapiga hesabu upya: safu moja zaidi, vipande kumi na kimoja vya upana wa inchi tisa, na mabaki yalikuwa yamekwisha.

"Wifi, kaka yangu anachomekeaga shati," shangazi akamwambia mama. "Ule mkia nani anauona?"

Mkia ulitoa vipande viwili. Baba aligundua alipoinama kufunga viatu.

Kufikia siku ya harusi, mikia ya mashati mengine ilikuwa imetufikisha vipande kumi. Wageni wa Butiama walikuwa wameshaingia uani, na shangazi alikuwa akilitazama shati la bwana harusi.