Kelsie Stidham na Kikombe cha Maji Mekundu

Kelsie Stidham aliogopa mambo mengi katika maisha yake, lakini hakuwahi kuogopa kikombe cha maji mpaka asubuhi moja ya Novemba.

Maji yenyewe yalikuwa desturi ya Profesa Rausch. Yeye ndiye aliyeendesha mafunzo ya wanasayansi wachanga hapa Lexington, wale wanaosomea jinsi dawa za kulevya zinavyouteka ubongo. Kila mwaka aliwapeleka wanafunzi wake kwenye kliniki ya methadoni, dawa wanayokunywa walioacha unga ili wasiurudie, tena si kutazama tu. Walisimama kwenye foleni pamoja na wagonjwa. Kila mwanafunzi akifika dirishani alipewa kikombe kidogo cha maji yenye sharubati nyekundu, anakunywa mbele ya muuguzi, kisha anatakiwa kusema neno kama mgonjwa, maana asiyesema huenda ameificha dawa mdomoni akaiuze nje. Profesa alisema mtu anayesoma ubongo wa panya bila kuwahi kusimama pale hajui anachokisoma.

Wazo zuri. Ila Kelsie alisimama pale kila alfajiri, na kikombe chake hakikuwa cha maji.

Alikuwa mtoto wa milimani, upande wa mji wa Hazard. Aliumia mgongo kwenye ajali ya gari akiwa msichana, akapewa vidonge vya maumivu, vidonge vikamkabidhi kwa unga, na unga ukamla ujana wake. Methadoni ndiyo iliyomrudisha kwa watu. Akasoma, akasoma tena, mpaka akawa daktari wa elimu ya dawa, na sasa alivaa shingoni ufunguo wa kabati la morfini la maabara ya Profesa. Siku alipokabidhiwa ufunguo huo Profesa alimuuliza kama ana jambo lolote la kusema kuhusu yeye na dawa za namna ile. Akasema hana. Uongo huo mmoja ulimnyima usingizi.

Kwa hiyo asubuhi ya ziara alipiga hesabu. Kwa kawaida alikunywa dozi yake saa kumi na moja na nusu. Leo angekuja na wenzake saa kumi na mbili kama mgeni, anywe maji, aondoke nao, kisha arudi peke yake saa nne kabla dirisha halijafungwa. Kuchelewa saa chache si kitu. Methadoni hukaa mwilini zaidi ya siku nzima. Hivyo ndivyo vitabu vinavyosema, naye alivijua vitabu.

Kulikuwa na jambo moja ambalo alilijua na akaamua kulipuuza. Wiki iliyopita wapimaji wa afya wa chuo walimkuta na vijidudu vya kifua kikuu vilivyolala, wakampa rifampisini. Na rifampisini hulifundisha ini kuila methadoni upesi upesi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua hilo. Lakini angemwambia nani? Wapimaji hawakujua habari ya methadoni, na kliniki haikujua habari ya rifampisini, kwa sababu kufichua moja ni kufichua yote mawili. Alijipa moyo kwamba ini halijifunzi kwa wiki moja. Mganga hajigangi.

Wakiwa bado mlangoni, muayo wa kwanza ulimtoka. Ukafuata wa pili. Pua ikaanza kuchuruzika. Tumbo likajifunga fundo, na mikononi malaika yakasimama. Kelsie akaijua ile arosto, mateso ya mwili unaodai dawa, kabla haijajitambulisha, akaogopa.

Kilichomtisha zaidi ni watu aliosimama nao. Popote pengine angesema ana mafua. Hawa kazi yao ilikuwa kukaa mbele ya vizimba kutwa nzima wakihesabu dalili za arosto kwa panya, na hodari wao alikuwa Garrett Lykins, ambaye sasa alikuwa mbele yake kwenye foleni, amegeuka, anamwangalia.

"Vipi, Stidham? Mbona umenyauka hivyo? Ulikesha na panya?"

"Baridi tu."

"Baridi gani na likoti lote hilo?" Kelsie akapiga muayo mwingine, hakuweza kuuzuia. Garrett akacheka. "Dada yangu, ungekuwa panya wangu ningeshakuandikia alama sita!"

Wenzao wakacheka. Kelsie naye akacheka, meno yakigongana. Na katikati ya kicheko chake mwenyewe akaona Garrett ameacha kucheka. Macho yake yalishuka kutoka puani kwake hadi kwenye jasho la shingo, kutoka shingoni hadi kwenye vidole vinavyotetemeka. Alikuwa anahesabu. Hakutaka, masikini, ila kazi ilikuwa imeshamwingia machoni.

"Kelsie," akasema kwa sauti ya chini.

Bado angeweza kutoka. Kisingizio kingepatikana. Lakini kupitia kioo cha mlango aliiona kwenye maegesho pikapu ya kijivu ya muuza unga aliyezoea kuwavizia wagonjwa, na mwenye pikapu anaijua sura yenye shida hata ikiwa upande wa pili wa barabara. Dusty, kaka yake Kelsie, alitoka kwenye foleni kama hii kwa sababu alimwona mtu wa kanisani kwao. Aliona aibu, akasema atarudi baadaye. Walimkuta kwenye gari lake na redio bado inaimba. Mficha maradhi kifo humfichua, na kwa akina Stidham kilikuwa kimeshafichua mmoja. Kelsie alijijua. Akitoka nje sasa, hafiki saa nne.

"Anayefuata," ilisikika sauti.

Bi Twyla, muuguzi wa dirishani, alimwita "mwanangu" kila alfajiri na kumuulizia magoti ya mama yake. Leo alimtazama kama mtu ambaye hajawahi kumwona.

"Karibu, mgeni," akasema, akamsogezea kikombe cha maji mekundu.

Alikuwa anamsitiri, na Kelsie alilijua hilo, na bado neno lile lilimchoma. Akakishika kikombe. Maji yakamwagika mezani.

"Bi Twyla, hiki siyo changu."

Muuguzi akatupa jicho kwa watu waliokuwa nyuma. "Una hakika, mwanangu?"

"Sina hakika na kitu. Naogopa. Nipe changu."

"Basi nitajie."

Akataja jina lake lote, namba yake na tarehe aliyozaliwa, kwa sauti, kama sheria inavyotaka. Nyuma yake viatu vilivyokuwa vikisogea vikatulia. Bi Twyla akapima, akampa, akangoja ameze.

"Ongea, nisikie sauti."

"Nimeanza rifampisini wiki iliyopita. Sikumwambia mtu."

"Wewe! Na kusoma kote huko?"

"Na kusoma kote huko."

"Kaa pale. Namwita daktari. Leo hutoki hapa bila kuonwa."

Kelsie alipogeuka, Profesa Rausch alikuwa hatua mbili kutoka kwake, uso umempauka. Kelsie alivua ufunguo shingoni akampa kabla hajaombwa.

"Nilikuuliza mimi mwenyewe," Profesa akasema.

"Ndiyo, Profesa."

"Ukaniambia huna la kusema."

"Ndiyo. Nilikuwa naogopa. Hata sasa naogopa."

Profesa aliutia ufunguo mfukoni, na Kelsie akahisi miaka yake yote ya shule imeingia mfukoni humo. Kisha zamu yake Profesa ikafika. Miaka yote alikuwa akinywa yale maji na kumtania Bi Twyla kuhusu hali ya hewa. Leo alikunywa akanyamaza.

"Ongea, Profesa. Sheria ni moja."

Alikikazia macho kioo cha dirisha, hakugeuka. "Stidham, kesho njoo kazini," akasema. "Habari ya ufunguo sijui. Nitauliza. Lakini njoo."

Daktari wa kliniki alimaliza na Kelsie jua likiwa limepanda. Wenzake walikuwa wameondoka, isipokuwa Garrett, aliyekaa kwenye benchi na kofia yake mapajani.

"Nisamehe kwa ule utani," akasema.

"Ulihesabu sawasawa."

"Gari lako liko wapi?"

Kelsie alionyesha kwa kidevu, ng'ambo ya maegesho. Pikapu ya kijivu ilikuwa bado ipo, dirisha limeshushwa, mkono wa mtu umening'inia nje. Kelsie akasita, na Garrett akayafuata macho yake mpaka kwenye pikapu. Garrett alivaa kofia, akazunguka akaja upande wa pikapu, akawa kati yake na Kelsie, wakatembea hivyo mpaka kwenye gari la Kelsie.