Wali Uliomtia Mshona Makuti Mashakani

Saa kumi na mbili asubuhi, Mishi Chande ameketi juu ya mkeka uani kwake Msambweni, miguu ameinyoosha, na mapajani ameweka ufito mwembamba. Anachukua majani ya mnazi yaliyokauka, anayakunja juu ya ufito, anapitisha uzi wa ukindu na kuukaza kwa meno. Chai haijachemka na tayari kuti la kwanza la siku liko chini kando yake.

Nyuma yake ipo nyumba anayopanga. Upande mmoja wa paa umeezekwa vizuri, makuti yamelala sawasawa. Upande wa pili ni aibu. Makuti yameoza, mengine yameteleza, na mtu akisimama chumbani kwa Mishi huona mawingu yakipita. Sakafuni kuna beseni, sufuria na ndoo, kila kimoja chini ya tundu lake.

"Kila mgeni huuliza lile lile," anasema Mishi bila kuinua macho. "Mwanamke huyu anashonea hoteli nzima za Diani, vipi kwake kunavuja? Nimechoka kujibu. Siku hizi mtu akiniuliza humwambia kaa kwanza, nikutilie chai, maana jibu lenyewe ni refu."

Jibu hilo limechukua mwaka na nusu na limefika mpaka mbele ya baraza la kodi za nyumba. Wiki hii ndiyo itakayoonyesha kama limekwisha. Masika yanakaribia, na mwenye nyumba ameamriwa kuuezeka upande uliobaki kabla ya mwezi huu wa Machi kumalizika. Kiambaza cha chumba cha Mishi ni cha udongo. Kimeshalowa masika mawili na kimeanza kuinama kwa ndani. Ya tatu hakitayavumilia, na Mishi hana pengine pa kwenda.

Mishi ni mzaliwa wa Gazi, mwanamke wa miaka arobaini na ushei, mwenye vidole vigumu na ulimi mwepesi. Kushona makuti alifundishwa na nyanya yake, ambaye kuti likilegea alikuwa akilifumua lote na kumrudishia. Marehemu mumewe, Ziro, alikuwa mkata miwa Ramisi. Alipofariki, miaka miwili kabla ya Uhuru, nyumba ya kambi ilitakiwa na mkata miwa mwingine, na Mishi akaja Msambweni na binti zake wawili, ambao sasa wameolewa.

Hapo ndipo alipopanga kwa Mselem Abdalla, mwenye duka dogo karibu na soko. Kodi ni shilingi ishirini kwa mwezi. Kuti moja huuzwa senti kumi na tano, na akijitahidi hushona hamsini kutwa, siku ambazo majani yapo na mgongo haumsumbui. Tangu hoteli zianze kujengwa pwani ya Diani kazi haijamkosa. Wazungu wanapenda kulala chini ya makuti, jambo ambalo Mishi mpaka leo halimwingii akilini.

"Mtu ana pesa ya mabati, anataka makuti," anasema. "Mimi simkatazi."

Paa lake lilianza kuvuja mwaka wa pili baada ya Uhuru. Alimwambia Mselem, naye akasema inshallah baada ya Ramadhani. Ramadhani ikapita. Akasema baada ya mavuno ya nazi. Nazi zikaangushwa zikauzwa. Akasema mafundi wote wamekwenda Diani, jambo lililokuwa kweli, lakini Mishi alikuwa akiwaona mafundi hao hao wakinywa kahawa mbele ya duka lake kila Ijumaa.

Basi Mishi akaamua kujifanyia. Makuti anayo, majirani anao. Akawaalika wanaume wa mtaa waje kumwezekea siku ya Jumapili, na kwa kuwa watu hawapandi juu ya paa tangu alfajiri kisha wakarudi kwao na njaa, akapika wali wa nazi na samaki wa kupaka.

Hapo ndipo alipokosea, na aliyekulia pwani hii hahitaji kuelezwa kosa. Kwa wengine ni hivi. Katika vijiji vya huku, nyumba inapoezekwa, mwenye nyumba ndiye anayewapikia waezekaji. Hakuna anayeuliza wala kuandika. Watu wanakula, wanashukuru, na tangu siku hiyo wanajua nyumba ni ya nani. Mpangaji akiziba tundu kimyakimya amefanya ukarabati. Akiwapikia wali waezekaji, amesema jambo jingine kabisa, hata kama hakulifikiria.

"Wallahi sikulifikiria," anasema Mishi. "Nilifikiria samaki wasiungue."

Waezekaji walianza upande wa Hannah Kavumbi, mpangaji mwenzake anayefua nguo katika hoteli moja ya Diani na kurudi nyumbani mwisho wa wiki. Adhuhuri upande huo ulikuwa umekwisha, wakashuka kula. Ndipo Mselem alipotokea, akiwa njiani kutoka msikitini.

"Alinikuta nimeshika mwiko," Mishi anakumbuka. "Hakuniuliza mimi. Aliwauliza watu, 'Wali wa nani huu?' Mmoja wao, mdomo umejaa, akamjibu, 'Wa Mishi.' Nikaona uso wa Bwana Mselem unabadilika."

Mselem aliwaamuru watu waondoke na ngazi zao. Upande wa Mishi ukabaki vile vile, na makuti aliyoyashona kwa ajili yake yakakaa uani mpaka yakaliwa na mchwa. Kabla ya Magharibi alikuwa amekwisha kumwambia ahame mwezi ukiisha.

Kwa hiyo makuti ya Mishi yakawa yanamkinga Hannah, na Mishi mwenyewe analala na ndoo. Hannah hulieleza jambo hilo kwa haya kidogo. "Mvua ikinyesha humwita aje alale kwangu," anasema. "Anakataa. Anasema akitoka chumbani, Bwana Mselem atasema amehama."

Hannah ndiye aliyemwambia kwamba kuna sheria. Alilisikia jambo hilo kwa wafanyakazi wenzake wa hotelini, na alilisikia nusu. Alimshauri aache kulipa kodi mpaka paa litengenezwe. Mishi alikaribia kumfuata, kisha akaona ni heri aulize kwanza. Akaenda ofisi ya serikali pale Msambweni, akamkuta karani mmoja mpole, akamwamkia na kumweleza shida yake.

"Aliniambia, 'Mama, ukiacha kulipa, kesi itageuka iwe ya kodi, na paa litasahauliwa. Wewe peleka kodi yako kila mwezi, mbele ya mtu. Akiikataa, ije barazani pamoja na wewe.'"

Mishi akafanya hivyo. Kila mwezi alikwenda dukani kwa Mselem pamoja na Hannah, akasalimu, akaweka pesa juu ya meza. Kila mwezi Mselem aliitikia salamu, akamwuliza habari za binti zake, na akakataa pesa. Mtu asiyejua angedhani ni jamaa wanaosukumiana zawadi.

Mselem si mtu wa kujificha. Mwandishi wa habari hii alipomfuata dukani, Mselem alivuta kiti akamsogezea, akaagiza kahawa, kisha akasema jambo ambalo hakulisema barazani.

"Watu wananiona mimi bahili," alisema. "Si ubahili. Nyumba ile baba yangu aliingia mpangaji. Mwenyewe alikuwa mtu wa Vanga, akaenda zake Pemba, paa likaoza, asirudi. Baba akaezeka. Mama akapika. Watu wakala, na tangu siku ile ikaitwa nyumba ya Abdalla. Sasa mimi nitoke msikitini, nimkute mpangaji wangu anawapikia waezekaji, na mtu ananiambia wali ni wa Mishi? Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Alipoulizwa kwa nini basi hakuezeka mwenyewe mapema, alikoroga kahawa yake kwa muda mrefu. "Uvivu," alisema mwishoni. "Hilo ni kosa langu."

Baraza lilikaa Kwale mwezi wa Januari kusikiliza malalamiko ya Mishi. Mwenyekiti alikuwa mtu wa bara, mwenye Kiswahili cha kuhesabu maneno, na kwa saa nzima alionekana kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Mselem alizungumza juu ya wali. Mashahidi wakazungumza juu ya wali. Mzee mmoja akaeleza mpaka samaki alikuwa wa aina gani.

"Nimekuja kusikiliza habari ya paa," mwenyekiti alisema, "na tangu asubuhi nasikia habari ya chakula." Watu walicheka, Mselem naye akacheka kidogo.

Zamu ya Mishi ilipofika, mwenyekiti alimwuliza swali moja: alitaka nyumba?

"Bwana mkubwa, nyumba sikuitaka," alijibu. "Nilitaka kulala pakavu. Lakini watu wako juu ya paa tangu alfajiri, mimi ningewaambiaje waende na njaa? Ningekuwa mtu gani?"

Mwenyekiti akatoa uamuzi ambao Mishi anaukumbuka neno kwa neno, na huurudia kwa sauti nzito ya kumwigiza. Nyumba ni ya Mselem, hata kama Mishi ataiezeka yote na kuulisha mji mzima. Kwa kuwa ni yake, kuitengeneza ni juu yake, maana kodi haitozwi kwa kuta peke yake. Hawezi kumfukuza mpangaji kwa sababu mpangaji amedai paa. Apokee kodi aliyoikataa. Aezeke kabla ya mwisho wa Machi, na asipoezeka, Mishi ana ruhusa ya kuezeka mwenyewe na kukata gharama katika kodi.

Hannah alipiga kigelegele kwenye ngazi za baraza. Mishi hakupiga. Ruhusa ile ya mwisho haikumfurahisha hata kidogo.

"Ruhusa ya baraza imebaki Kwale," anasema, akikaza ukindu. "Huku Msambweni nikiezeka mimi, maneno yataanza upya, tutasumbuana mpaka tuzikwe. Nilitaka aezeke yeye."

Februari ikapita bila dalili. Machi ikaanza, na upepo ukaanza kugeuka. Mishi anakiri kwamba usiku alikuwa akisikiliza kiambaza. Alikuwa amekwisha kufunga nguo zake katika kanga mbili, tayari.

Kisha Jumatatu iliyopita Mselem akaja mwenyewe, akabisha hodi, akaagiza makuti. Na kwa kuwa Msambweni nzima hakuna anayeshona kama Mishi, akaagiza kwake, kwa bei ile ile wanayolipa watu wa hoteli. Mishi hakumpunguzia hata senti. Rundo linalokua kando ya mkeka asubuhi hii ni lake Mselem, na litasafiri kutoka uani mpaka juu ya paa.

Saa mbili Mselem mwenyewe anafika kutazama kazi. Wanasalimiana kwa urefu, wanaulizana habari za nyumbani na za afya. Anainua kuti, anauvuta ukindu wake kwa kidole, umekaza. Anaridhika. Waezekaji, anasema, watakuja Jumamosi alfajiri.

Anageuka kuondoka, kisha anarudi.

"Na chakula chao, Bi Mishi?" anauliza, akitazama rundo badala ya mtu. "Mke wangu Asiya hajazoea kupikia watu wengi. Nilikuwa nafikiri, wewe mkono wako unajulikana."

Mishi anaweka chini ufito. Ni mara ya kwanza asubuhi hii kumwona ameacha kazi.

"Bwana Mselem," anasema kwa upole, "mimi ni mpangaji. Sufuria nitamwazima Bi Asiya, kubwa ile. Mbuzi ya kukunia nazi nitamwazima. Lakini mwiko sitaushika. Nitanawa mikono, nitakaa na wageni, na nitakula wali wako."

Mabega ya Mselem yanaanza kutikisika, na kicheko kinamtoka taratibu kama mtu aliyekizuia tangu Januari. "Haya," anasema. "Haya, Bi Mishi. Nitamwambia Asiya aanze kukuna nazi Ijumaa." Anaondoka akiwa bado anacheka peke yake njiani.

Mishi anarudi kwenye ufito wake. Hataki kukaa kwa Mselem maisha yake yote, anasema. Kuna kiwanja kidogo huko Milalani ambacho ameshazungumza na wenyewe, na pesa za hoteli anaziweka, ingawa polepole. Akijaliwa atajenga chumba kimoja, kisha cha pili, na makuti atashona mwenyewe, mapya yote.

"Siku hiyo nitapika mimi," anasema, na sasa anatabasamu kwa mara ya kwanza. "Nitapika mpaka wachoke kula. Na Bwana Mselem nitamwalika. Akija aulize tena wali wa nani, ajibiwe vile vile."