Swali Nililolibeba Hadi Ukerewe

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, mume wangu Masalu aliposimamisha gari la kuazima mbele ya nyumba yetu ya Igoma, akaniambia nifungashe nguo za kutosha. Tunakwenda kwenu Ukerewe, kwa wazazi wako, alisema, na njiani tutatazama majumba ya watemi wa zamani, maana tangu tuoane hatujatembea kama watu wengine. Nilifurahi mpaka alipovuta sanduku kutoka chini ya kitanda. Lilikuwa lile nililokuja nalo siku ya harusi.

Uelewe hali yetu. Tulikuwa na miaka kadhaa bila mtoto, na ndugu zake walikuwa wameshakaa kikao wakimtaka aoe mwingine. Nilikuwa nimeona jinsi mwanamke anavyorudishwa kwao: kwa upole, kwa matembezi, mume akisema anakwenda kuwasalimia wakwe. Nikapanda gari nikiamini narudishwa, na sikuuliza.

Upande wa Magu tulisimama penye magofu ya mtemi mmoja. Masalu akanionyesha palipokuwa zizi na palipotunzwa ngoma. Nikaitikia tu. Tukavuka kwa kivuko kutoka Kisorya, tukafika Bukindo, kwenye jumba la ghorofa la mtemi wa Wakerewe. Alipanda juu, akaniita.

"Tabitha, njoo uone. Huyu mtemi alijua kuchagua kiwanja."

Nilibaki chini, nimeegemea gari, nikilitazama sanduku kupitia kioo.

Tulipoendelea mbele kidogo kulikuwa na kijiji ambacho sijaona kinachofanana nacho: nyumba zimebanwa katikati ya majabali makubwa kuliko zenyewe, na juu ya kila jabali wameanikwa dagaa. Bibi mmoja, aliyekuwa akigeuza dagaa wake, alitukaribisha maji. Hatujamaliza kunywa, wingu likatanda. Pale wingu likija hakuna mgeni, wala haiulizwi dagaa ni wa nani. Kila mwenye mikono anakusanya. Bibi akamtupia Masalu turubai. Masalu akapanda jabali na viatu vyake vya kanisani, akateleza, akakaa kitako katikati ya dagaa.

"Shemeji, hao wanaanikwa, hawaatamiwi," mwanamke mmoja akamwambia, na jabali zima likacheka. Mimi sikucheka.

Mvua ilitukuta tumeshajibanza barazani kwa bibi. Akanitazama, kisha akamgeukia Masalu.

"Mkeo uso umemshuka. Unampeleka wapi?"

"Kwao, bibi."

"Kumtembeza, au kumrudisha?"

Swali nililolibeba tangu Igoma, yeye alilisema kama anayeomba chumvi.

Masalu alikuwa akijipangusa magamba. Akaacha. "Nakwenda kumwomba baba yake asimame nami mbele ya ndugu zangu, niwaambie mke sibadilishi." Kisha akanigeukia. "Ndivyo ulivyodhani, Tabitha? Njia yote hii?"

Nikataja sanduku. Akasema ndilo pekee lenye kufuli zima.

Mtoto wa kumzaa hatukupata, ndiyo maana nawaita nyote wanangu. Masalu sasa amelala makaburini Igoma. Daraja la Kigongo, alilosema tutalivuka pamoja tukazunguke upande wa pili wa ziwa, nimelivuka peke yangu, nimekaa dirishani, kiti cha pembeni kina mtu nisiyemjua. Watu wakinisimulia jumba la Bukindo nawasikiliza kama mgeni. Nilifika, lakini sikuliona. Mwaka jana nilitaka kumuuliza Masalu ziwa lilionekanaje kutoka kule juu, nikakumbuka kwamba hayupo.

Kwa hiyo, mwanangu, hofu uliyonayo juu ya mtu wako muulize yeye mwenyewe, na umuulize mapema. Jibu likiwa baya, utalia ukijua unalilia nini. Likiwa jema, hutakuwa umeipoteza siku yako. Usingoje mpita njia akuulizie.

Mungu akupe mwenza wa kumuuliza, akulegezee ulimi, na akujalie miaka mingi ya kumsikia akijibu.